Namba 10 na Matumaini ya Agosti

Ligi Kuu ikiisha, Dar es Salaam hainyamazi. Mechi hakuna, lakini wiki zile za katikati ya mwaka ndizo ambazo mpira huzungumzwa kuliko wakati wowote mwingine. Sinza ni mahali pazuri pa kuyasikia mazungumzo hayo. Nenda Makaburini asubuhi, pale magazeti yanapobanwa kwenye kamba. Utakuta watu sita, saba wamesimama, mikono mfukoni, wanasoma vichwa vya habari vya kurasa za mbele bila kununua. Mmoja kavaa sare ya ulinzi, ametoka zamu ya usiku. Mwingine ni dereva wa bajaji, kaiacha inanguruma pembeni ya barabara. Hakuna anayeuliza habari za beki wa kulia. Wanachotaka kujua ni kiungo: safari hii anakuja nani kuchezesha timu?

Ndivyo ilivyo kwa Simba na ndivyo ilivyo kwa Yanga. Kipa anaweza kusajiliwa Jumatatu na ikifika Jumatano hakuna anayemtaja tena. Lakini mchezeshaji, mtu wa pasi ya mwisho, mtu wa mipira iliyokufa, huyo hujadiliwa kabla hajapanda ndege. Tunamwita namba 10 hata kama mgongoni kaandikwa namba nyingine. Clatous Chama alivaa 17, Feisal Salum alivaa 6, na hakuna aliyekuwa na shaka kazi yao ilikuwa ipi. Huyu ndiye anayebebeshwa msimu mzima, na mara nyingi hubebeshwa kabla hajagusa mpira hata mara moja kwenye ardhi ya Tanzania.

Matumaini haya yana historia ndefu kuliko wengi wa vijana wa vijiweni wanavyodhani, na katika historia hiyo kuna jambo lililobadilika bila sisi kulitazama vizuri. Zamani shabiki alimtarajia mchezaji aliyemjua. Leo anamtarajia mchezaji anayemsubiri. Mengi tunayoyalalamikia kila ifikapo Novemba, kocha mbaya, usajili mbovu, kiungo aliyedanganya watu kwa video, yameanzia hapo.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ilifuata 1936 ikiitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipochukua jina la Simba. Ligi ya taifa ilianza 1965 na Sunderland ndiyo iliyokuwa bingwa wa kwanza, ikarudia 1966. Kuanzia 1968 Yanga ikabeba ubingwa mara tano mfululizo. Katika miaka hiyo hapakuwa na dirisha la usajili kwa maana tunayoijua sasa. Mchezaji alikuwa mtu wa mtaani, mwenye kazi yake kiwandani au kwenye shirika, na shabiki aliyetaka kujua kama mwaka huu timu itakuwa nzuri alikwenda mazoezini jioni akatazama kwa macho yake. Matumaini yalijengwa polepole, kwa kumwona kijana akikua kutoka timu ya watoto hadi timu kubwa, na kwa sababu hiyo yalikuwa na mizizi.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyotupa sura ya kwanza ya mchezeshaji kama mtu wa kuabudiwa. Yanga ilikuwa na ndugu watatu wa ukoo wa Manara: Kitwana, Sunday na Kassim. Sunday ndiye aliyeitwa Kompyuta, enzi ambazo Mtanzania wa kawaida hakuwa ameiona kompyuta hata kwenye picha. Watu walimpa jina hilo kwa namna alivyopiga hesabu za uwanja: pasi yake ilifika mahali ambapo mwenzake alikuwa bado hajafika. Agosti 10, 1974, Simba na Yanga zilikutana Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, katika mechi ya kuamua bingwa wa taifa. Adam Sabu aliifungia Simba mapema, dakika ya 16, na bao hilo likakaa na kukaa. Mashabiki wa Yanga waliosafiri hadi Mwanza na wale waliobaki Dar wakiwa wamezunguka redio walikuwa wamekwisha kata tamaa pale Gibson Sembuli aliposawazisha dakika ya 87. Mchezo ukaenda muda wa nyongeza. Dakika ya 97 Sunday Manara akafunga la pili, Yanga ikawa bingwa.

Mechi ile ilifanya jambo ambalo limetufuata hadi leo. Iliwafundisha mashabiki kwamba fundi mmoja anaweza kuokoa mwaka mzima kwa tendo moja. Tangu hapo kila upande umekuwa ukitafuta Sunday wake.

Simba haikukaa bila mtu. Mwaka ule ule wa 1974 ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti, na katika kizazi kile alikuwemo Abdallah Kibadeni, mfupi wa kimo, aliyeitwa King. Julai 19, 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, na Kibadeni alifunga matatu. Karibu nusu karne imepita na hakuna mchezaji mwingine aliyefunga mabao matatu katika mechi moja ya watani hawa. Yanga iliyofungwa siku ile ilikuwa imejeruhiwa na mgogoro wa uongozi wa mwaka 1976 uliowatoa wachezaji wake wakubwa na kuzaa klabu ya Pan African. Sunday naye alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Simba ikatawala, ubingwa mara tano mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980. Ukitaka kujua ni kitu gani humfanya shabiki wa Yanga mwenye umri wa miaka sabini aingiwe na baridi kila anaposikia kiungo wake anataka kuondoka, anza hapo.

Ni katika miaka hiyo hiyo Sinza ilizaliwa kama mtaa. Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kupeleka huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili watu wajenge wenyewe. Waliojenga walikuja na timu zao kutoka walikotoka. Ndiyo maana hadi leo Sinza haina upande. Nyumba moja ni nyekundu, ya pili kijani na njano, na mara nyingi baba na mtoto wa nyumba moja hawako pamoja. Mtaa huu uliokuwa Kinondoni na sasa uko Ubungo una kituo kinachoitwa kwa Remmy, kwa heshima ya mwanamuziki Remmy Ongala aliyezaliwa Kongo na kuishi hapa. Nalitaja hilo kwa sababu Sinza ilijifunza mapema kumpokea mtu aliyetoka nje na kumfanya wake, tabia ambayo mpira ungekuja kuihitaji baadaye.

Miaka ya 1980 na 1990 nitaipita haraka, si kwa sababu haikuwa na mafundi. Hamis Gaga, aliyeitwa Gagarino, na Athumani China walikuwa viungo ambao watu wazima wa leo bado wanawasimulia kwa mikono. Lakini simulizi zenyewe zilipatikana kwa njia ya redio. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na shabiki wa Mbeya au Kigoma alimjua mchezeshaji wake kwa sauti ya mtangazaji wa Redio Tanzania. Kiungo alikuwa mkubwa kadiri mtangazaji alivyomfanya mkubwa. Mwaka 1993 Simba, ikifundishwa na Kibadeni yule yule, ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka sare ya 0-0 Abidjan dhidi ya Stella, na nchi nzima ikaamini kombe limeshafika. Katika marudiano Dar es Salaam Stella ilishinda 2-0. Wapo watu ambao hawajapona hadi leo. Mwaka 1998 Yanga ikawa klabu ya kwanza ya Tanzania kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na baada ya hapo ikaja kiu ndefu.

Miaka ya 2000 magazeti ya michezo yalikuwa yameshakuwa mengi, na yalihitaji habari hata siku ambazo hapakuwa na mechi. Hapo ndipo usajili ulipogeuka kuwa mchezo wenye mashabiki wake. Haruna Moshi, yaani Boban, alikuwa namba 10 wa mwisho wa aina ile ya zamani: kijana wa hapa hapa, anayejulikana, anayependwa na kukasirikiwa kama ndugu. Alikwenda Gefle ya Sweden mwaka 2010, akarudi, na watu wakampokea bila kushangaa.

Lakini Agosti 8, 2009 kitu kipya kilikuwa kimeshaanza. Chini ya uenyekiti wa Hassan Dalali, Simba ilianzisha Simba Day, siku ya kuutambulisha uongozi, jezi na kikosi kipya mbele ya mashabiki. Yanga ilikuja na Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Leo sherehe hizi mbili hujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 kwa mechi ambayo matokeo yake hayana maana yoyote kwenye msimamo. Aliyewahi kuwa jukwaani anajua jinsi utambulisho unavyokwenda. Wachezaji huitwa mmoja mmoja. Makipa hupigiwa makofi ya heshima. Mabeki nao. Kelele hupanda kidogo kidogo, na mtangazaji, ambaye anaijua kazi yake, humweka mchezeshaji mpya karibu na mwisho. Akitokeza kwenye lango la kuingilia uwanjani, uwanja mzima huinuka, simu juu, na yule kijana aliyefika nchini siku chache zilizopita hunyanyua mkono huku akitazama huku na huko kama mtu ambaye hakuambiwa. Wakati huo hajapiga hata pasi moja. Kelele zile ni deni, na tarehe ya kulilipa haikuandikwa popote.

Wageni walikuwa wameanza kuja kabla ya hapo, ila Haruna Niyonzima ndiye aliyebadilisha hesabu. Mnyarwanda huyu alitua Yanga mwaka 2011 akitokea APR na aliichezea kwa miaka sita, akahamia Simba 2017, kisha akarudi Yanga mwanzoni mwa 2020. Alikuwa mchezeshaji wa kwanza wa kigeni ambaye shabiki wa Sinza aliweza kumzungumzia kama anavyomzungumzia mtoto wa jirani. Alipewa muda, na aliutumia. Baada yake kila klabu ilitaka Niyonzima wake. Bahati mbaya hakuna aliyetaka kungoja miaka sita.

Kisha akaja Chama. Mwaka 2018 Simba ilikuwa na majina makubwa zaidi mbele ya goli: Emmanuel Okwi, mfungaji bora wa msimu uliokuwa umeisha, John Bocco, na Meddie Kagere aliyetoka Gor Mahia akiwa na sifa kubwa. Chama, Mzambia aliyetoka Lusaka Dynamos, alikuwa mmoja tu wa wageni. Desemba 23, 2018, katika Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba ilikuwa nyumbani dhidi ya Nkana ya Zambia baada ya kufungwa 2-1 Kitwe. Nkana ilitangulia kufunga. Jonas Mkude akasawazisha, Kagere akaongeza la pili, na mchezo ukawa unaelekea kwenye penalti. Dakika za mwisho kabisa mpira ulimfikia Chama mbele ya goli akiwa ameupa mgongo nusu ya lango, akaugusa kwa kisigino, ukaingia. Simba ilikwenda makundi. Machi 16, 2019, katika uwanja ule ule, ikihitaji ushindi dhidi ya AS Vita iliyokuwa imeifunga 5-0 Kinshasa, ilikuwa 1-1 hadi dakika ya 90. Chama tena. Simba ikaingia robo fainali.

Nimeyaeleza mabao hayo mawili kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyoweka kipimo ambacho kila mchezeshaji aliyekuja baadaye amepimwa nacho. Na kipimo hicho si cha haki. Chama hakuja akiwa mwokozi. Aliukuta mzigo umegawanyika, akapata miezi minne ya kujifunza nyasi, joto na wenzake, na saa ilipofika alikuwa tayari. Waliofuata walifika huku wakisubiriwa kuwa Chama siku ya kwanza.

Mfano ulio wazi ni Carlinhos. Agosti 2020 Yanga ilimleta Mwangola huyu ikiwa imekaa misimu mitatu ikiwatazama watani wakibeba ubingwa. Alipotua, mashabiki walijazana uwanja wa ndege. Mguu wake kwenye kona na mipira ya adhabu ulikuwa kweli wa fundi, na alionyesha hivyo. Lakini majeraha yalimsumbua, mechi zikampita, na Mei 2021, kabla msimu haujaisha, yeye na klabu waliachana. Kiu iliyoupeleka umati ule uwanja wa ndege ilikuwa ya miaka mitatu. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuimaliza kwa kona.

Kuna njia nyingine ambayo matumaini hupatikana, nayo naiona ya kweli zaidi: kwa kuumizwa. Luis Miquissone alikuja Dar es Salaam kwa mara ya kwanza Agosti 2019 akiwa na UD Songo ya Msumbiji, akaifunga Simba, na sare ile ya 1-1 ikaitoa Simba kwenye Ligi ya Mabingwa. Miezi mitano baadaye Simba ilimsajili. Februari 23, 2021 alipiga shuti lililoizamisha Al Ahly 1-0, na Al Ahly wenyewe wakamnunua mwaka ule ule. Stephane Aziz Ki naye alionekana hapa kwanza akiichezea ASEC Mimosas dhidi ya Simba kwenye Kombe la Shirikisho mwanzoni mwa 2022, na katikati ya mwaka Yanga ikamchukua. Aliyekuumiza huhitaji video yake. Umekwisha mwona akiwa katika kazi ngumu, mbele ya timu yako, katika hali ya hewa yako.

Hata hivyo jicho hilo nalo hupofuka. Simba ilipomrudisha Miquissone mwaka 2023, mashabiki walimpokea yule wa Februari 2021. Aliyeshuka alikuwa mtu mwingine, aliyekaa nje ya uwanja kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata safari yake ikaisha kimya.

Aziz Ki alipitia kinyume chake. Msimu wake wa kwanza alitoa vitu viwili vikubwa: mpira wa adhabu uliosawazisha dhidi ya Simba Oktoba 23, 2022, na bao la Tunis dhidi ya Club Africain lililoipeleka Yanga makundi ya Kombe la Shirikisho, safari iliyofika hadi fainali. Lakini vijiweni wengi walisema ni mchezaji wa mechi kubwa tu, mvivu, anachagua siku. Nakumbuka maneno hayo kwa sababu nimeyasikia Sinza Mori kutoka kwa watu wanaoipenda Yanga kwa dhati. Klabu ikamwacha acheze. Msimu wa pili, Novemba 5, 2023, alikuwa miongoni mwa wafungaji Yanga ilipoishinda Simba 5-1. Mei 28, 2024, siku ya mwisho ya ligi, alifunga matatu dhidi ya Tanzania Prisons na kumaliza na mabao 21.

Aliyemfuata kwa karibu alikuwa Feisal Salum, Fei Toto, mabao 19. Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Fei ni Mzanzibari, aliyetoka JKU akajiunga na Yanga 2018, akakua mbele ya macho ya watu hadi akawa kiungo wa kutegemewa. Mwishoni mwa 2022 aliingia katika mgogoro wa mkataba na klabu, mgogoro uliokwenda hadi Rais Samia Suluhu Hassan akaomba hadharani umalizwe, na Juni 2023 akahamia Azam. Katika orodha yote hii ya Agosti za karibuni, yeye ndiye Mtanzania pekee aliyefikia kiwango cha kubishaniwa na nchi nzima kama mchezeshaji. Kanuni sasa zinaruhusu klabu kusajili wageni 12. Haki za televisheni za ligi ziliuzwa kwa kampuni ya Azam Media mwaka 2021 kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Fedha zipo, milango iko wazi, na nafasi ya kwanza ambayo klabu kubwa hukimbilia kununua nje ni ile ile ya mchezeshaji. Mimi sina ugomvi na wageni. Wametupa furaha kubwa na wameinua ligi. Ninachokiogopa ni kijana wa miaka 17 anayecheza kwenye uwanja wa Kinesi hapa Dar es Salaam, mwenye jicho la pasi, ambaye anaona kabisa kwamba klabu zote mbili haziitazami Kinesi.

Hili la kumbebesha mtu mmoja msimu mzima si letu peke yetu. Marekani, katika mpira wao wa vyuo vikuu, mzigo huo hubebwa na kwotabeki, yule anayepokea mpira nyuma ya mstari na kuamua uende kwa nani. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Texas kiliwekwa namba moja kwenye orodha ya shirika la habari la AP kabla ya msimu kuanza, mara ya kwanza katika historia yake, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa kijana Arch Manning, mjukuu wa Archie na mpwa wa Peyton na Eli, wote walioicheza nafasi hiyo kwa umaarufu. Alikuwa ameanza mechi mbili tu chuoni. Agosti 30 walifungua msimu kwa Ohio State na kufungwa 14-7. Wale walimtarajia kijana kwa jina la ukoo, sisi humtarajia kwa video ya dakika tatu. Kote kuwili mchezaji mwenyewe ndiye asiyeulizwa.

Huku kwetu, Agosti ya 2024 ilikuwa kilele cha haya yote. Julai 1 Yanga ilitangaza kwamba Chama, Chama wa Nkana, Chama wa Vita, amesaini kwao Jangwani. Sinza siku ile ilikuwa kama kuna msiba nyumba moja na harusi nyumba ya pili. Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, walipiga hesabu: Aziz Ki, Pacome Zouzoua, Maxi Nzengeli na sasa Chama, nani atazuia? Yanga ilibeba ubingwa, wa nne mfululizo, lakini Chama hakuwa mhimili wake. Mara nyingi aliingia akitokea benchi, na mwaka mmoja baadaye alikwenda Singida Black Stars.

Upande wa pili, Simba ilimleta kijana wa Ivory Coast, Jean Charles Ahoua, mchezaji bora wa ligi ya kwao, akitokea Stella, klabu ile ile ya Abidjan iliyowaliza watu mwaka 1993. Alipewa jezi namba 10 na pamoja nayo pengo la Chama. Kufikia Oktoba alikuwa ameshaitwa garasa. Alipofunga, watu walimhesabia penalti. Alipopiga kona ikazaa bao, sifa zilikwenda kwa aliyepiga kichwa. Msimu ulipoisha alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 16, na Simba ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na RS Berkane. Niliwasubiri waliomwita garasa waseme neno. Walikuwa wameshahamia kwenye usajili mpya.

Kwa ushahidi huu wa miaka 50, hukumu yangu ni hii. Waliopokelewa kwa kelele kubwa kuliko wote, Carlinhos, Miquissone wa mara ya pili, Chama wa Yanga, hawakutimiza. Waliotimiza, Niyonzima, Chama wa 2018, Aziz Ki, Ahoua, walifanya hivyo kwa sababu klabu iliwaacha wacheze wakati mashabiki wakinung'unika, au kwa sababu hawakutarajiwa sana. Kelele za Agosti hazijawahi kumsaidia mchezeshaji kupiga pasi. Zinachoweza kufanya ni kumfanya aiogope, acheze nyuma, atafute usalama, na namba 10 anayetafuta usalama hana kazi uwanjani.

Kwa hiyo, msomaji wa Sinza na wa kwingineko, nenda Simba Day, nenda Wiki ya Mwananchi, shangilia, vaa jezi mpya. Hiyo ni haki yako na hakuna sherehe ya mpira Afrika Mashariki inayofanana nazo. Halafu subiri. Ligi yetu ina timu 16, duru ya kwanza ni mechi 15. Mpe mchezeshaji wako mechi hizo 15 kabla hujampigia kelele ya kumzomea. Na kiongozi wa klabu unayesoma haya, kabla hujatuma mtu Abidjan au Lusaka dirisha lijalo, mtume kwanza Kinesi.